Mlango wa Kuinamia

Siku ya chai ya kuniaga, mmoja wenu aliinua mkono kama tuko darasani, akaniuliza jambo ambalo kwa miaka yote hii hakuna aliyeniuliza mbele za watu. Alisema ameona kwenye daftari la zamani la idara kwamba niliingia chuoni kama mwanafunzi wa uigizaji. Akataka kujua kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniona nikiigiza. Nilimjibu kwamba jukwaani nilikuwa kila siku, ila nilikuwa na nyundo mkononi. Mkacheka, keki ikakatwa. Lakini lile halikuwa jibu, na kwa kuwa sasa nina asubuhi nyingi zisizo na kazi, nimeona niliandike kama lilivyo. Habari za vyeo zimo kwenye faili langu, na hazina hata sentensi moja ya kuchekesha.

Nimezaliwa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, katika mtaa wa Waswahili. Babu yangu alivuka kutoka Kongo akifuata samaki wakavu, akaoa, akakaa. Baba yangu, Ramazani, alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilitazama barabara ya sokoni, na mimi, mtoto wake wa pekee, niliyefiwa na mama mapema, nilikulia chini ya meza yake ya kukatia nguo nikiokota pini kwa sumaku. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu, kile kinachosema "mutoto" na "iko". Shuleni tulisema Kifaransa, na kwa majirani Kirundi. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo mtu angenitaka nichague.

Mwaka wa uhuru, 1962, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Walimu wa shule yetu waliandaa mchezo wa kuonyeshwa uwanjani. Ulikuwa mchezo mwepesi: bwana mkubwa wa Kizungu anafunga masanduku yake aondoke, anasahau kitu, anarudi, anasahau kingine, anarudi tena, mpaka watu wanambebea masanduku kwa nguvu. Aliyepewa nafasi hiyo ni karani wa posta, mtu mpole mwenye mabega membamba. Baba alipewa kazi ya kumvisha, ingawa hakuwahi kushona kitu cha namna ile. Alichukua kaptula ya kaki ya zamani, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mabegani mwa koti akatia pamba. Kofia ngumu ya jua aliitengeneza kwa kibuyu: alikikata nusu, akakifunika kwa kipande cha shuka jeupe, akakizungushia ukingo wa kadibodi. Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu wakati anakata. Aliniambia nisipumue.

Siku yenyewe karani alitoka nyuma ya pazia akiwa amepakwa unga usoni. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja msuka kamba, ambaye zamani aliwahi kuchapwa viboko na wakubwa wa serikali ya Kizungu. Alipoiona ile kofia alisimama, akavua barakashia yake, akainamisha kichwa. Hakuwa anatania. Alisimama hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi, kisha akatambua, akakaa, akaficha uso kwa viganja. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilimgeukia baba, nikamwona anaitazama kofia yake kama mtu aliyefungua mlango asioujua unakoelekea. Tangu siku ile nilijua ninachokitaka maishani. Sikujua tu kinaitwaje, wala kwamba watu hukisomea.

Habari kwamba husomewa ilitoka kwa shangazi yangu wa Ujiji. Nilipokuwa namaliza shule ya masista Bujumbura, aliandika kwamba Tanzania kuna chuo kikuu ambako vijana wanafundishwa kuigiza, kubuni jukwaa na historia ya michezo, na kwamba mtoto wa jirani yake amekubaliwa huko. Shangazi aliliandika kama kichekesho. Baba aliisoma barua ile mara mbili. Akaniambia, "Enda. Ukiona haikufai, mashini iko hapa." Kwa fundi cherehani wa Rumonge, hiyo ilikuwa baraka ndefu kabisa.

Nilifika kwa boti mpaka Kigoma, kisha kwa treni. Siku ya kwanza ya darasa la uigizaji tulisimama mmoja mmoja kusoma aya moja kwa sauti. Nilisoma kwa moyo wote. Nilipofika mstari wa tatu, darasa lilikuwa limelala kwa kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Kiswahili changu kilikuwa kinawachekesha tu, kama vile mtu aliyevaa shati kinyume na hajui. Nilimaliza aya yangu nikakaa. Ndipo sauti ya kiume nyuma yangu ikanisalimia kwa Kirundi, polepole, "Amahoro."

Huyo alikuwa Melkiori. Alitoka Kigwena, chini kidogo ya Rumonge, penye msitu na michikichi. Mama yake alikuwa mjane anayekamua mawese. Tulikuwa wawili tu kutoka ng'ambo ile ya ziwa, na kule kwetu tusingefahamiana kamwe: yeye mtoto wa misheni, mimi wa msikitini. Alikuwa mrefu kiasi kwamba vitanda vya bweni vilimshinda, na alikuwa na sikio la ajabu. Baada ya miezi mitatu alizungumza kama mtu aliyezaliwa Tanga. Akitaka, alizungumza kama Msukuma, au kama mpishi wetu, au kama mkuu wa idara akiwa na mafua. Kwangu peke yangu alizungumza kama mtu wa kwetu. Mtataka kujua kama tulipendana. Mimi pia nilitaka kujua.

Ulimi wangu haukubadilika. Mwalimu wa sauti alijitahidi nami mwaka mzima, kwa upole, akinitia kizibo cha chupa kati ya meno ili nifungue kinywa. Mwishoni mwa mwaka aliniita ofisini akaniambia kwamba sauti yangu ina nguvu lakini itachekesha hata msibani, na kwamba ingekuwa vyema nikakae karakana kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka arobaini kasoro. Nilitoka ofisini nikaenda nyuma ya jengo, nikalia, nikanawa uso, nikaenda kuripoti karakana.

Karakana wakati ule ilikuwa banda la mabati lililosimamiwa na Fundi Mponda, seremala aliyejenga meli ndogo kabla ya kujenga majukwaa. Hakusoma chuo chochote. Hakunikaribisha. Aliniuliza kama najua kushona, nikasema ndiyo, akanionyesha rundo la magunia. Kwa wiki sita niliunganisha magunia kuwa kuta za kuchora. Alinifundisha kuchemsha gundi ya ngozi bila kuiunguza, kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, na kutengeneza taa kwa makopo ya maziwa. Alinifundisha kuchanganya rangi iliyokoza kuliko ninavyotaka, kwa sababu ikikauka inapauka, na taa zikiwaka inapauka tena. Nimewafundisha ninyi hayo yote, na wengi wenu mliamini niliyasoma kwenye kitabu.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Nilipomaliza ukuta wangu wa kwanza, nikausimamisha, nikarudi nyuma hatua tano kuutazama. Akanishika bega, akanipeleka mpaka kiti cha mwisho kabisa pembeni, nyuma ya nguzo, akaniambia nikae. Kutoka pale ukuta wangu ulikuwa mbao na misumari mitupu. Alisema, "Mtu wa hapa naye amekuja kutazama." Tangu siku ile kila kazi yangu nimeitazama kwanza kutoka kiti kile, na nikiri kwamba nilikipenda kwa sababu nyingine pia. Kilikuwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia nizungumze.

Maana upweke wa miaka ile ulikuwa wa namna hiyo: nilikuwa katikati ya watu wengi wachangamfu nikichunga mdomo wangu. Bwenini niliitikia kwa maneno mafupi. Mezani nilichagua sentensi zisizo na "mtoto" wala "mtu". Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kifaransa changu hakikumsaidia mtu yeyote. Jumapili, wenzangu walipokwenda kwa jamaa zao, nilikwenda karakana nikakaa na Fundi Mponda, ambaye alikuwa amefiwa na mke na naye hakupenda kuongea. Tuliweza kukaa saa nne tukabadilishana maneno kumi, na yote yalikuwa vipimo. Melkiori alikuwa amepata marafiki. Alinikumbuka, lakini ilibidi anikumbuke.

Mwaka wa tatu ulikuwa mwaka 1972. Mwalimu wetu aliandika mchezo wa kumalizia masomo, kuhusu mtu wa kijijini ambaye baada ya uhuru anahamia nyumba ya mkubwa wa Kizungu aliyeondoka, na kidogo kidogo anaanza kupiga kelele kama yeye. Melkiori alipewa nafasi ya mtu huyo. Mimi nilipewa kubuni jukwaa, na ilikuwa mara ya kwanza mwanafunzi kupewa peke yake. Nilifikiri kwa wiki mbili. Kisha nikaja na wazo la mlango. Nyumba ile kubwa ingekuwa na mlango mmoja tu, nao ningeufanya mfupi, ili mtu yule mwenye majivuno, kila anapoingia nyumbani kwake, alazimike kuinama. Hakuna mtu katika mchezo ambaye angelisema jambo hilo. Lingeonekana tu.

Nilimpima Melkiori kwa tepu ya baba yangu, amesimama wima ukutani mwa karakana, nikatoa shubiri moja. Alifurahi sana na wazo lile. Alisema ataingia mara tatu: mara ya kwanza atainama kwa adabu, ya pili kwa hasira, na ya tatu atasahau, atapiga kichwa. Akafanya zote tatu pale pale, kwenye fremu isiyo na ukuta. Fundi Mponda, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, alilazimika kukaa chini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikumwambia mwalimu yeyote. Mwalimu wa historia ya michezo alikuwa ametupa kazi: kila mmoja aandike juu ya maonyesho ya kwao, kwa kuuliza watu walioyaona. Mimi na Melkiori tuliruhusiwa kuandika pamoja juu ya michezo ya siku za uhuru pwani ya Rumonge, na mmoja wetu alitakiwa kwenda likizo ya mwezi wa nne. Aliyepaswa kwenda ni mimi. Baba ndiye aliyeshona zile nguo, na sikuwa nimemwona kwa karibu miaka miwili. Lakini ilikuwa likizo ile ile ya kujenga jukwaa. Sikutaka mtu mwingine aguse mlango wangu. Nilimwomba Melkiori aende badala yangu. Alisita, kwa kuwa alikuwa na mistari mingi ya kukariri. Nilimwambia atakariri ndani ya treni.

Stesheni aliniuliza, "Nimuambie baba yako nini?"

Nikasema, "Umuambie niko na kazi."

Mwishoni mwa mwezi ule, kule kwetu, kilianza kile ambacho watu wa pwani ile mpaka leo wanakiita ikiza, yaani balaa lisilo na jina jingine. Kwanza walikuja watu wenye mapanga wakaua majirani, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Kisha wakaja askari, wakaua wengi zaidi, kwa wiki na kwa miezi, nchi nzima, hasa waliosoma. Mtaniuliza Melkiori alikuwa kabila gani. Swali hilo limeshaulizwa vya kutosha kule kwetu, na mimi sitalijibu hapa. Tulisikia redioni, vipande vipande, majina ya mahali bila majina ya watu. Chuoni wenzangu walinionea huruma lakini hawakujua waniulize nini. Mmoja aliniuliza kama Burundi iko mbali na Rumonge.

Siku ya kufungua chuo Melkiori hakurudi. Nilisubiri treni tatu. Baada ya hapo Fundi Mponda aliniambia yeye atashughulika na kuta, mimi niende Kigoma.

Kigoma kulikuwa kumejaa watu waliovuka ziwa kwa mitumbwi ya uvuvi. Nilipita kwenye makundi yao siku mbili nikimuulizia mtu mrefu wa Kigwena. Walikuwa watu wa kwetu, wanazungumza kama mimi, na kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili nilifungua mdomo bila kufikiri. Nilikuwa nauliza habari za maiti kwa lugha iliyonipa raha kuisema. Hilo nalo nimeliweka moyoni kwa muda mrefu.

Baba nilimkuta Ujiji kwa shangazi, amekaa kwenye mkeka, tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alivuka nayo kwa sababu hakukumbuka kuivua. Nilimshika miguu. Tulipoweza kuongea nilimuulizia Melkiori, naye akaniambia yote aliyoyajua. Melkiori alifika dukani, akajitambulisha, akakaa siku mbili nzima kwenye kile kibaraza akiandika habari za karani wa posta na kile kibuyu. Jioni ya siku ya pili aliombwa aonyeshe anachosomea. Akasimama kati ya meza na mashini, akaigiza ule mchezo wetu, watu wote yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha Rumonge. Walikusanyika watu kama ishirini barabarani. Msuka kamba alikuwepo. Baba alisema walicheka mpaka mwenye duka la jirani akafunga duka aje kutazama. Kesho yake Melkiori aliaga kwenda kwa mama yake.

"Nilimuambia angoje Ijumaa ipite," baba alisema. "Akasema mama anamungoja."

Siku chache baadaye ikaanza. Baba aliamini kwamba yalimkuta kule kule Kigwena, kwa mama yake, na mimi nikaamini hivyo. Nilimwambia baba kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Alisema nisirudi chuoni, nibaki Ujiji, tutafute mashini nyingine tushone pamoja. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa mtu aliyebaki na mtoto mmoja na hakutaka kumpoteza. Nilibaki naye siku nane. Siku ya tisa nilipanda treni kurudi kumalizia jukwaa, na mpaka leo sina sababu nzuri ya kuwaambia, isipokuwa kwamba kile ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya.

Nilipofika, nafasi ya Melkiori ilikuwa imepewa kijana aitwaye Festo, kutoka Tabora. Festo alikuwa mwigizaji mzuri na mtu mwema, na alikuwa mfupi. Nilikaa kiti cha nyuma ya nguzo nikatazama mazoezi. Alipofika mlangoni aliingia wima, na juu ya kichwa chake kulibaki nafasi ya kupitisha debe. Nyumba ikawa nyumba ya kawaida. Mwongozaji akasimamisha mazoezi, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini kwamba anasikitika lakini mlango utabidi ushuke.

Nilisema hautashuka. Nilisema Festo avae viatu vya kisigino. Nilisema afungwe kilemba. Walinisikiliza wote kwa subira ambayo ilinitia aibu. Kisha nikatoka nikaenda karakana.

Fundi Mponda alinifuata. Hakuniambia maneno ya kufariji. Sidhani kama alikuwa nayo. Alinikabidhi msumeno wa mkono, ule wa meno madogo, akasema, "Ukiukata wewe utakatika sawa. Nikiukata mimi, utaniangalia vibaya mpaka nife."

Tulilaza fremu kwenye meza. Nilimpima Festo, nikatoa shubiri moja, nikapiga mstari. Ilibidi miimo yote miwili ikatwe chini, zaidi ya shubiri mbili kila upande, na ule ukuta wa gunia ukunjwe na kushonwa upya. Nilikata mwimo wa kwanza bila shida. Nilipofika katikati ya wa pili nilisimama, mkono haukwenda tena. Fundi alishika mbao kwa mikono miwili isicheze, akatazama pembeni, akangoja. Hakunihimiza. Sijui ni dakika ngapi. Kisha nikamalizia. Vipande viwili vilianguka kwenye maranda, na yeye akaviokota akavipanga kwenye rundo la mbao za kutumika tena, kama ilivyokuwa desturi, kwa sababu mbao zilikuwa adimu.

Mchezo ulionyeshwa alasiri ya Jumamosi. Nilikaa kiti changu cha nyuma ya nguzo. Festo aliingia mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu alisahau, akapiga kichwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ni mlango uliomwambia. Ukumbi mzima ulicheka mahali hasa palipotakiwa. Watu walinipa mikono baadaye. Mwalimu wa sauti, yule wa kizibo, alisema mlango ule ulikuwa ndio mwigizaji bora. Kazi ilikuwa nzuri, na ilichukua miaka mingi kabla sijaisamehe kwa kuwa nzuri.

Ile kazi ya historia niliiandika kutokana na maneno ya baba, maana daftari la Melkiori halikuonekana. Niliikabidhi kwa majina mawili. Mwalimu wa historia aliitazama, akasema kwa utaratibu alama hupewa mtu aliyepo. Nikamwambia huyu yupo kwenye ukurasa wa pili mpaka wa tisa. Akaandika alama zile zile mbele ya majina yote mawili, na ziko daftarini mpaka leo kwa atakayetaka kuangalia.

Baada ya hapo chuo kilinibakiza karakana, na mengine mnayajua au mtayakuta kwenye faili. Fundi Mponda alistaafu, akanitembelea mara moja, akakaa kiti cha nyuma ya nguzo, akaondoka bila kusema kitu, jambo lililomaanisha kuwa ameridhika. Baba alifariki Ujiji, akiwa anashona. Sikuolewa. Mara kwa mara nilifundisha somo la kwanza la uigizaji walimu walipougua, na niliwaambia wanafunzi waniige lafudhi, wakaiiga vibaya, tukacheka wote. Kuigiza mwenyewe sikurudi. Niliombwa mara kadhaa, na kila mara niliona kwamba nafasi hiyo ina mtu.

Mwaka wa kumi na mbili baada ya mambo yale nilivuka ziwa kwenda nyumbani. Rumonge, kwenye kibaraza cha baba, palikuwa na mtu anayetengeneza baiskeli, naye alinikaribisha kwa ukarimu akaniuliza kama natafuta mtu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kigwena. Nilitaka kumwomba msamaha mama wa Melkiori na kumuuliza alipozikwa mwanawe, kama alizikwa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno la kwanza kwa Kirundi njia nzima.

Nilimkuta uwanjani anaokota chikichi zilizooza na kuzitenga na nzima. Alikuwa mrefu, hata akiwa amekaa. Nilisema amahoro, nikataja jina langu, Zuhura. Aliinuka polepole akiegemea pipa, akanitazama vizuri. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye njia niliyotokea.

"Iko nyuma?" aliuliza.

Nilijua anamsema nani, lakini nilimuuliza nani.

"Melkiori. Hamukuja pamoja?"

Aliliona jibu usoni mwangu akalikataa kwa muda, akieleza haraka, kama mtu anayenikumbusha kitu nilichosahau. Alisema mwanawe hakukutwa nyumbani. Aliondoka asubuhi, siku moja kabla mambo hayajaanza, kwa miguu yake, kuelekea Nyanza-Lac na Kabonga kutafuta mtumbwi wa kuvuka. Melkiori alimuaga akisema wanamngoja kwenye mchezo. Alisema Zuhura anajenga nyumba na yeye ndiye wa kuingia ndani yake.

"Mimi siku zote nilijua iko kwako," alisema. "Nilisema ameoa huko, amesahau kuandika."

Kwa miaka kumi na miwili mimi nilimweka kwa mama yake, na mama yake alimweka kwangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa naye. Kati ya Kigwena na Kabonga si mbali. Mtu mwenye miguu mirefu huenda kwa siku moja.

Hakulia mbele yangu. Aliingia ndani, akakaa huko kwa muda mrefu, nami nikakaa kwenye kigogo uwanjani, kwa kuwa sikujua pa kwenda. Kisha nikaanza kutenga chikichi, mbovu huku, nzima huku. Alipotoka alinitazama mikono, akakaa upande wa pili wa rundo, akaendelea na kazi. Tulipokaribia kumaliza aliniuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tunasoma kule, maana Melkiori alimwambia ni ualimu na yeye hakumwamini. Nilimweleza. Nilimweleza sauti, na taa za makopo, na rangi inayopauka. Nilimweleza kwamba mwanawe aliweza kuwa mpishi wetu na mkuu wa idara, na kwamba mara ya mwisho alisimama barabarani Rumonge, watu ishirini wakacheka mpaka duka likafungwa. Hilo alinitaka nilisimulie mara ya pili.

Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Alisema kwa Kirundi kwamba mtoto yule hakutumwa na mtu tangu alipojifunza kutembea, akaenda kuwasha moto.

Nilikaa kwake siku nne. Nilirudi likizo iliyofuata, na nyingine, kila mwaka njia ilipokuwa wazi, mpaka alipofariki. Tulimzika mimi na binti zake walioolewa. Majirani wa pale hawajui nilifanya kazi gani, wala hawajawahi kuniuliza. Safari ile ya kwanza, wakati ninaondoka, wanawake wawili walipita njiani wakamuuliza mgeni wake ni nani. Alifikiri kidogo, mkono wake ukiwa begani kwangu.

"Huyu," akasema, "alisoma na Melkiori."

Kigwena wananiita hivyo mpaka leo. Mwezi ujao ninahamia huko.